Mchezo wa Ngumi na Thamani ya Ushindi

(Hotuba hii ilisomwa Singida mbele ya wazee, walimu na vijana waliokusanyika kuzungumza habari za michezo ya shule na vijiji. Imepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mchezo wa ngumi, maana vijana wetu wameupenda sana, na siku hizi ni shida kuona sikukuu ikipita pasipo vijana wawili kuvaa glavu na watu kuwazunguka. Sisi si mabingwa wa mchezo huu. Kazi yetu ni ukarani katika ghala la chama cha ushirika, na vyombo vyetu ni mzani na daftari. Huenda mtu akauliza, karani wa alizeti na ngumi wapi na wapi? Jibu ni kwamba neno tulilo nalo leo ni neno la mzani, nasi tulifundishwa na mzee mmoja kwa njia iliyotutia haya. Basi na tuanze na habari hiyo.

Sikukuu moja vijana wa vijiji viwili walishindana kwa ngumi. Tuliombwa kushika daftari kwa kuwa mwandiko wetu wasomeka. Mapambano yalikuwa sita, na yote yalikwenda vema mpaka la tano. Hapo akaingia kijana mrefu, mwenye mabega mapana na ndevu zilizokwisha anza kuota. Na mbele yake akawekwa kijana mwembamba ambaye utosi wake ulifika kifuani mwa mwenzake. Hapana aliyeuliza neno. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Yule mdogo hakukataa, maana ni kijana gani atakayekataa mbele ya dada zake na rika lake? Raundi ya kwanza alisimama kwa ushujaa. Raundi ya pili alianguka mara mbili, na mara ya pili hakuinuka mpaka alipomwagiwa maji. Yule mkubwa alibebwa mabegani akizungushwa uwanja mzima. Nasi tukaandika jina lake chini ya neno "Mshindi," tukapiga mstari kwa rula, tukaona tumefanya kazi njema.

Siku ya nne baba wa yule mdogo alikuja ghalani na magunia matatu ya alizeti. Tukayapima, tukaandika. Mzee akasema, "Mwanangu karani, hebu nisomee ulichoandika." Tukamsomea: gunia la kwanza kilo 61, la pili kilo 63, la tatu kilo 58. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ahsante. Magunia yangu umeyaandika kila moja na uzito wake, kwa kuwa gunia halina bei mpaka lipimwe. Lakini mwanangu siku ile ulimwandika jina tu. Tangu siku ile sikio lake la kushoto lalia kama mzinga wa nyuki. Sikuja kudai kitu, mwanangu. Nataka kujua tu, mzani huu ulikuwa wapi siku ile?"

Twakiri kwamba hatukuwa na la kumjibu. Mzani ulikuwa papa hapa ghalani, hatua mia tu toka uwanjani, na ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwetu.

Tangu hapo tumesoma na kuuliza habari za mchezo huu, kwa nini wenyewe hupimana, na ushindi wa mkubwa juu ya mdogo una thamani gani. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yafaa tujue kwa nini uzito ni jambo kubwa katika ngumi. Katika mbio mtu mfupi aweza kumpita mrefu, na katika mpira mdogo aweza kumzunguka mkubwa akafunga goli. Lakini ngumi ni mchezo wa mwili kugongana na mwili. Watu hudhani ngumi yatoka mkononi, kumbe mkono ni mpini tu. Ngumi huanza kwenye nyayo, ikapanda mguuni, ikazunguka kiunoni, ndipo ikatoka begani. Kwa hiyo mtu apigapo hutupa uzito wa mwili wake wote. Mwenye kilo nyingi hutupa kilo nyingi. Vile vile mtu mzito, apigwapo, hupokea pigo kwa mwili mzito zaidi, na shingo nene huzuia kichwa kisitikisike. Tena mtu mrefu kwa kawaida ana mkono mrefu. Humfikia mwenzake kabla ya kufikiwa. Na wakumbatianapo, mkubwa humlalia mdogo, na mdogo huchoka kwa kubeba mzigo usio wake.

Zamani wazungu wenyewe hawakujali hayo. Huko Uingereza watu walipigana ngumi mikono mitupu, wala hapakuwa na madaraja ya uzito. Aliyekuwa bingwa alikuwa bingwa wa watu wote. Alikuwako mtu mmoja jina lake Daniel Mendoza, mwenye ratili 160 tu, yaani kilo 72 na nusu hivi. Kwa akili na wepesi wa miguu aliwashinda watu wakubwa kuliko yeye, hata akawa bingwa wa Uingereza. Lakini mwaka 1795 alikutana na John Jackson, mtu mkubwa kwake kwa kimo na kwa uzito. Jackson akamshika Mendoza nywele kwa mkono mmoja akampiga kwa mkono wa pili, na kabla dakika 11 hazijatimia mambo yalikwisha. Ushindi ulikuwa wa Jackson. Lakini mpaka leo mtu asomaye habari za ngumi humsifu zaidi Mendoza, aliyeufundisha ulimwengu kwamba mdogo aweza kujikinga kwa maarifa.

Mwaka 1867 zilitolewa kanuni zinazoitwa za Queensberry, ambazo ziliamuru watu wavae glavu na kila raundi iwe ya dakika tatu. Kisha mwaka 1909 chama kimoja cha mchezo huko London kiliweka madaraja manane ya uzito. Daraja la chini liliishia ratili 112, yaani karibu kilo 51, likafuata la bantamu, ratili 118, nalo lina jina la kuku mdogo, la unyoya, 126, jepesi, 135, la welta, 147, la kati, 160, la juu kidogo, 175, na juu yake uzito wa juu usio na mwisho. Siku hizi mapigano ya kulipwa yana madaraja zaidi ya 15, lakini msingi ni ule ule.

Walimu watazame hesabu hizo, maana zina mafundisho. Toka daraja la chini kwenda la pili ni ratili 6 tu. Toka la kati kwenda linalofuata ni ratili 15. Kwa nini nafasi za chini ni nyembamba na za juu ni pana? Kwa sababu ratili si sawa kwa kila mwili. Kilo 5 kwa mtu wa kilo 50 ni sehemu moja katika kumi ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 100 ni sehemu moja katika ishirini. Kwa hiyo mtu asemaye, "Ah, wamezidiana kilo tano tu," hajasema kitu mpaka aeleze ni kilo tano juu ya ngapi. Na watoto wetu wa shule ndio wenye miili midogo. Pengo ambalo kwa watu wazima ni dogo, kwao ni shimo.

Sasa tuje kwenye thamani ya ushindi. Tumepata mambo manne.

La kwanza ni kwamba mkubwa amshindapo mdogo, watu hawaongezi sifa yake hata kidogo. Mwaka 1909, huko California, Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipigana na Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati. Johnson alimzidi kwa ratili zisizopungua 30. Katika raundi ya 12 Ketchel alirusha ngumi moja, Johnson akaenda chini. Akainuka, akampiga Ketchel mpaka akapoteza fahamu. Je, Johnson akumbukwa kwa ushindi huo? La. Akumbukwa kwa ushindi wake wa tarehe 4 Julai 1910 juu ya James Jeffries, mtu mkubwa mwenzake. Katika habari za Johnson na Ketchel, kinachosimuliwa ni kwamba mdogo alimwangusha mkubwa.

Mwitalia Primo Carnera naye alikuwa jitu. Mwaka 1934 alipigana Miami na Tommy Loughran; Carnera ratili 270, Loughran ratili 184, tofauti ratili 86, yaani karibu kilo 39. Hiyo ni kama mtu apigane huku mwenzake amebeba mtoto wa shule mgongoni, na mtoto naye apiga. Hata hivyo Carnera hakuweza kumwangusha. Alimshinda kwa pointi baada ya raundi 15. Ushindi ule ulimpa faida gani? Miezi mitatu na nusu haikutimia, Max Baer, aliyekuwa mwepesi kwake kwa zaidi ya ratili 50, alimwangusha tena na tena akamnyang'anya ubingwa. Ushindi juu ya mdogo haukuwa umemjulisha mtu yeyote kama Carnera alikuwa hodari au la. Gunia lilikuwa kubwa, lakini hapana aliyekuwa amelifungua.

La pili ni kwamba mdogo amshindapo mkubwa, thamani yake hupanda. Lakini hata hapo yatupasa kuuliza mkubwa huyo alikuwa katika hali gani. Mwaka 1897 Bob Fitzsimmons, mwenye ratili 167, alimwangusha James Corbett wa ratili 183 akawa bingwa wa uzito wa juu. Corbett alikuwa katika nguvu zake, tena fundi mkubwa. Huo ni ushindi uliojaa pishi. Mwaka 1919 Jack Dempsey, ratili 187, alimwangusha Jess Willard, ratili 245, mara saba katika raundi ya kwanza. Watu walistaajabu, na ilikuwa haki yao. Lakini Willard alikuwa na umri wa miaka 37, na kwa muda wa miaka mitatu hakuwa ametetea ubingwa wake. Dempsey alikuwa na miaka 24. Basi mzani ulimpendelea Willard, lakini kalenda ilimpendelea Dempsey. Wahenga walisema kweli kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Ndiyo maana twasema uzito ni swali la kwanza, wala si swali la mwisho.

La tatu ni kwamba yuko anayeshindwa naye akatoka na heshima kuliko aliyeshinda. Tarehe 18 Juni 1941, New York, Billy Conn, aliyekuwa bingwa wa daraja la chini ya uzito wa juu, alipigana na Joe Louis. Louis alimzidi kwa ratili 25 kwa hesabu iliyotangazwa. Baada ya raundi 12, wawili kati ya waamuzi watatu walikuwa wamemweka Conn mbele. Katika raundi ya 13 Conn alitamani kumwangusha kabisa, akaacha kujikinga, na Louis akampata. Ushindi ulikuwa wa Louis, wala hapana awezaye kuukanusha. Lakini jina la Conn limedumu kwa sababu ya usiku ule alioshindwa.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wameyaonja hayo pande zote mbili. Ayub Kalule wa Uganda alipata ubingwa wa dunia mwaka 1979 katika daraja la ratili 154, naye alikuwa hajashindwa na mtu. Mwaka 1981 alikutana huko Houston na Ray Leonard, bingwa wa welta, aliyepanda toka ratili 147 kumfuata Kalule nyumbani kwake, kwa kusema hivyo. Leonard alimshinda katika raundi ya 9. Ushindi huo uliongeza jina la Leonard, kwa kuwa alipanda, wala hakumshusha mwenzake.

Miaka mitano baadaye, Machi 1986, Mganda mwingine, John Mugabi, alifanya kama Leonard: alipanda toka ratili 154 kwenda 160 kumkabili Marvin Hagler huko Las Vegas. Mugabi alikuwa amewaangusha wote aliopigana nao. Siku ile alipigana kwa ukali mpaka raundi ya 11, hapo Hagler akamwangusha. Hagler alikuwa katika uzito wake aliouzoea. Je, ushindi wake ulikuwa hafifu? La, maana Mugabi hakuokotwa njiani. Alikuwa mtu mzima, amejaribiwa, amejizoeza, na tofauti ilikuwa ya daraja moja tu. Mwaka 1989 Mugabi alirudi kwenye uzito wake akapata ubingwa wa dunia. Basi tofauti ndogo kati ya watu wazima walioiva yaweza kuvumiliwa, na ushindi ukabaki na thamani.

La nne ni kwamba ushindi ulio safi kuliko wote ni ule wa waliolingana, maana hapo hapana wa kusema "lakini." Titus Simba wa Tanzania alipata medali ya fedha ya uzito wa kati huko Edinburgh mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Michael Yombayomba alipata dhahabu ya bantamu huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham mwezi wa Septemba 2018, akamshinda Mwingereza Sam Eggington nyumbani kwao katika raundi ya pili. Na jirani yetu Rogers Mtagwa, mzaliwa wa Dodoma, alipigana New York mwezi wa Oktoba 2009 na bingwa Juan Manuel López. Mtagwa alishindwa kwa pointi, lakini raundi ya mwisho bingwa alikuwa akiyumba kama mtu aliyelewa, na waliotazama hawakusahau. Wote hao walipimwa pamoja na wenzao katika daraja moja. Walioshinda walishinda, na aliyeshindwa alishindwa kwa haki. Kila mmoja ajua alichopata.

Lakini, wazee wetu, mzani nao waweza kudanganywa. Ninyi mwazijua hila za sokoni. Twajua lumbesa, gunia la vitunguu lililofungwa likarefushwa kwa kichwa cha nyavu, ambalo mnunuzi huliita gunia moja na mkulima hulilia. Twajua na mtu awekaye mchanga au maji katika mzigo ili mzani ushuke. Mpigana ngumi hufanya hila hiyo kinyume. Yeye hujikausha kabla ya mzani, kwa kutoka jasho na kukaa na kiu, apate kuingia daraja la chini. Kisha akisha kupimwa hunywa na kula mpaka mwili urudi. Mapigano ya kulipwa kwa kawaida hupima watu siku moja kabla, basi ana usiku mzima wa kujijaza.

Mwezi wa Februari 2000, huko New York, Arturo Gatti na Joey Gamache walipimwa kwa kiwango cha ratili 141. Siku ya pili yake, kabla ya pambano, walipimwa tena na watu wa televisheni: Gatti ratili 160, Gamache ratili 145. Yaani kwenye karatasi walilingana, na ulingoni walitengwa na ratili 15. Gamache alianguka katika raundi ya pili, akaumia ubongo, wala hakupigana tena maishani mwake. Kwa hiyo mzani usiopimwa siku yenyewe ni kama rula ya mpira. Hupima kile mtu atakacho.

Sasa yuko atakayesema, "Karani, wewe wataka kulea vijana kama mayai. Katika maisha hapana mzani. Simba hakuulizi kilo. Kijana ajifunze kusimama mbele ya mkubwa." Neno hilo tumelisikia mara nyingi, nalo lina ukweli ndani yake. Daudi alisimama mbele ya Goliathi. Lakini ikumbukwe kwamba Daudi alikataa kuvaa silaha za Sauli na kupigana kwa namna ya yule jitu. Alichukua teo, akapiga toka mbali. Hakupangiwa raundi tatu za kukumbatiana naye. Tena Daudi alijitoa mwenyewe kwa sababu ya watu wake. Ushujaa ni mali ya mwenyewe. Aweza kuutoa kwa hiari yake mahali panapostahili. Sisi tuliokaa kwenye viti hatuna haki ya kuutumia kama fedha yetu ili tupate kucheka alasiri moja.

Na tufikirie na yule mkubwa, maana naye tulimdhulumu. Kijana yule ana nguvu, na huenda ni fundi. Lakini mpaka leo hapana ajuaye, hata yeye mwenyewe hajui. Tulimkuta siku moja njiani, tukamwita kwa kumtania, "Bingwa!" Akainamisha kichwa akasema, "Kaka, usiniite hivyo. Nilimpiga mtoto." Kama tungalimpa mtu wa rika lake na uzito wake, akashinda, leo angalikuwa na kitu cha kuwasimulia wanawe. Kama angalishindwa, angalijua pa kujirekebisha. Tulimbeba mabegani, tukamtua bila kumpa kitu. Basi pambano lisilolingana ni hasara ya watu wawili: mdogo hunyang'anywa afya yake, na mkubwa hunyang'anywa ushindi wake.

Na jambo hili halikomi ulingoni. Ninyi wazee mnaokaa barazani mwaona kila siku mwenye ng'ombe mia akishindana na mjane kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akishinda kwa sababu mjane hakuwa na nauli ya kufika tena barazani, ameshinda nini? Hilo twawaachieni ninyi wenye hekima. Sisi twarudi kwenye ngumi.

Tunaomba mtuvumilie tutoe mashauri matano, nayo ni mepesi, wala hayahitaji fedha.

Kwanza, vijana wapimwe, tena siku ile ile ya mchezo, asubuhi, mbele ya watu wa pande zote mbili. Hapana kijiji kisicho na mzani karibu. Uko wa zahanati, uko wa ghala, uko wa mnunuzi wa kuku. Kama twaweza kupima jogoo kabla ya kumpakia basi la Dar es Salaam, twaweza kumpima mtoto wa mtu kabla ya kumvisha glavu.

Pili, tofauti ya vijana isizidi sehemu moja katika ishirini ya uzito wa yule mwepesi. Mwenye kilo 40 apewe mwenzake asiyezidi kilo 42. Mwenye kilo 60 asiyezidi kilo 63. Hiyo yakaribia nafasi ile ya ratili 6 iliyoko kati ya madaraja mawili ya chini, tuliyoitaja. Tena umri utazamwe pamoja na uzito, maana mifupa ya miaka 13 si mifupa ya miaka 18 hata kama kilo zimelingana.

Tatu, kama hapana wa kulingana naye, pambano lisiwepo. Kijana huyo apige mfuko wa mchanga, aonyeshe miguu yake, watu wampigie makofi. Kukosa pambano si aibu.

Nne, mwamuzi awe mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo bila kumsikiliza mshangiliaji. Na aliyepigwa kichwani akaanguka asirudishwe ulingoni siku hiyo, bali apelekwe kwa mganga wa zahanati. Sisi tulingoja wiki tatu kabla ya kumshauri yule mzee ampeleke mwanawe hospitali, na sikio lile mpaka leo halisikii sawasawa.

Tano, karani aandike uzito kando ya jina. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linaloyahifadhi yale mengine. Mjukuu atakayefungua daftari miaka 40 ijayo hatamwona babu yake akipigana. Ataona alichoandika karani tu. Akisoma "Fulani alimshinda fulani," hajasoma kitu. Akisoma kwamba mtu wa kilo 57 alimshinda mtu wa kilo 58 katika raundi ya tatu, amesoma ushindi. Na akisoma kwamba mtu wa kilo 74 alimshinda mtu wa kilo 49, atafunga daftari, aulize wazee wa siku zile walikuwa wapi.

Sisi tumekwisha anza. Daftari letu la michezo sasa lina mistari miwili iliyoongezwa kwa wino mwekundu, mmoja wa uzito na mmoja wa umri. Tulipofika kwenye ukurasa wa sikukuu ile tulitaka kuung'oa, kisha tukaona si haki. Tumeuacha, na chini ya pambano la tano tumeandika, "Hawakupimwa." Yule mzee alipoleta alizeti msimu uliofuata tulimwonyesha. Hajui kusoma, akatuomba tumsomee. Tukamsomea. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa imeandikwa sawa," kisha akapandisha gunia lake mzanini.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Walimu tunawaomba wayapeleke mashuleni kabla ya sikukuu zijazo. Ufunguo wa ghala ungali mfukoni mwetu. Atakayehitaji mzani na aje.